Enyi Mliokatwa Masikio, Msikate ya Wenzenu



Usiku ule bustanini Petro alikuwa na upanga. Injili zote nne zinasimulia kwamba mmoja wa waliokuwa pamoja na Yesu aliuchomoa upanga, akampiga mtumwa wa kuhani mkuu, akamkata sikio. Yohana ndiye anayetutajia majina: mpigaji ni Petro, mpigwa ni Malko. Luka anaongeza jambo ambalo wenzake watatu wameliacha, kwamba Bwana aliligusa lile sikio akamponya yule mtu. Hebu tusimame hapo kidogo. Uponyaji wa mwisho unaosimuliwa kabla ya msalaba ulikuwa wa sikio la adui, na aliyelikata alikuwa mwanafunzi, tena mwanafunzi mwenye bidii, aliyeamini kwa moyo wake wote kwamba anaitetea imani.

Nataka niwapeleke mbali na bustani ile, hadi Uingereza ya miaka ya 1600, na kutoka hapo hadi Boston, ng'ambo ya Atlantiki. Huko nako masikio yalikatwa kwa jina la Mungu. Waliokata walikuwa watu wa Biblia, watu wa kufunga na kuomba, watu ambao vitabu vya baadhi yao tumevisoma tukabarikiwa. Leo sihubiri habari za wapagani. Nahubiri habari zetu.

Palikuwa na mwanasheria aitwaye William Prynne, Mpuritani, yaani mmoja wa Waprotestanti waliotaka kulitakasa Kanisa la Uingereza, mtu mkali wa kalamu. Aliandika kitabu kinene cha kushutumu michezo ya kuigiza, na wakubwa wakaona humo amemtukana malkia. Mwaka 1634 mahakama ya Star Chamber ilimtia hatiani. Akafungwa kwenye ubao wa aibu, ule wenye matundu ya shingo na mikono, akakatwa masikio mbele ya umati. Hakunyamaza. Mwaka 1637 akahukumiwa tena kwa maandishi dhidi ya maaskofu. Mnyongaji akarudi kukata vipande vilivyosalia, kisha akamchoma mashavuni kwa chuma cha moto, herufi mbili za kumtangaza kuwa mchochezi. Bunge lilipomfungua mwaka 1640, aliingia London akishangiliwa na umati.

Sasa niambieni, mtu aliyepita katika hayo, mngetarajia nini kwake atakapokutana na mnyonge mwingine wa imani?

Mwaka 1655 Prynne alitoa kijitabu cha kuwavua barakoa Waquaker. Hakuishia kusema wamepotoka. Alisema ni mawakala wa Roma, Wajesuiti na Wafransisko waliovaa nguo za wakulima wa kaskazini ili waivunje Uingereza. Ushahidi wake ulikuwa tetesi. Waliochapisha wakauza, wasomaji wakaamini, na mkulima aliyekuwa amekaa kimya chumbani akimngoja Roho wa Mungu akageuzwa mpelelezi wa papa kwa wino wa mtu asiye na masikio.

Pengine kuna wasomaji wasiowajua Waquaker. Mwanzilishi wao, George Fox, alizaliwa mwaka 1624 kijijini Fenny Drayton, mwana wa mfumaji nguo. Ujana wake aliumaliza akienda kwa mchungaji huyu na yule akitafuta mtu wa kumwambia neno la kutuliza roho yake. Hakumpata. Ndipo alipoanza kusema kwamba Kristo mwenyewe husema na moyo wa mtu, bila kumngoja mwenye shahada wala joho. Mwaka 1652 alipanda kilima cha Pendle, akahubiri mlimani Firbank mbele ya umati, akapokewa Swarthmoor katika nyumba ya Margaret Fell, mwanamke ambaye baadaye aliandika kitabu kizima kutetea haki ya wanawake kuhubiri. Wenyewe walijiita Watoto wa Nuru, kisha Marafiki. Jina la Quaker, yaani mtetemekaji, walibandikwa. Fox alieleza kwamba lilianzia kwa hakimu Bennet wa Derby mwaka 1650, baada ya Fox kumwambia atetemeke mbele ya neno la Bwana. Hakimu akaona la kuchekea.

Watu hawa hawakubatiza kwa maji. Hawakuandaa Meza ya Bwana. Walikaa kimya mpaka mmoja wao, mwanamume au mwanamke, asukumwe kusema. Hawakumvulia mkubwa kofia wala kumsemesha kwa maneno ya kumtukuza. Hawakuapa mahakamani, kwa kuwa Kristo amekataza kuapa, na hawakulipa fungu la kumi la kumtunza kasisi wa serikali. Mnaweza kuona kwa nini nchi nzima ilishtuka. Katika miaka michache tu vijitabu dhidi yao vikawa vingi kiasi kwamba Fox, mwaka 1659, alitoa kitabu kimoja kikubwa cha kujibu zaidi ya mia moja.

Wala sisemi kwamba waliowapinga hawakuwa na hoja. Walikuwa nazo, na baadhi ni nzito hata leo.

Mchukueni John Bunyan, fundi wa kuziba masufuria wa Bedford, yule ambaye kitabu chake cha safari ya msafiri kimewafikia wasomaji wa Kiswahili pia. Kitabu chake cha kwanza kabisa, cha mwaka 1656, kiliwalenga Waquaker. Bunyan aliogopa nini? Aliwasikia wakisema Kristo ni Nuru iliyomo ndani ya kila mtu, akauliza: na yule aliyezaliwa na Mariamu, aliyemwaga damu nje ya malango ya Yerusalemu, aliyefufuka na mwili wenye makovu, amekwenda wapi? Ukimsikiliza Kristo wa moyoni hadi ukamsahau wa Golgotha, utabaki na mwalimu, na mwokozi umempoteza. Mimi ningekuwa Bedford siku zile ningesimama upande wa Bunyan katika jambo hilo, na nisingeona haya. Richard Baxter wa Kidderminster, aliyetoa katekisimu yake ya kuwahoji Waquaker mwaka 1655, alitaka kujua sauti ya ndani itapimwaje ikiwa Maandiko hayapewi nafasi ya kuihukumu. Mchungaji yeyote aliyewahi kumzika mtoto aliyenyimwa dawa kwa sababu mtu fulani alidai ameambiwa na Roho, anajua kwamba swali la Baxter halijazeeka.

Tena Marafiki nao walikuwa na ndimi zao. Waliwainukia wachungaji ndani ya ibada na kuwaita watu wa mshahara. Kanisa walikataa kuliita kanisa, wakaliita nyumba ya mnara. Kile kitabu cha Fox cha mwaka 1659, jina lake lenyewe linawafananisha wapinzani na yule kahaba mkuu wa Ufunuo. Edward Burrough, kijana wa Kiquaker aliyemjibu Bunyan, alijibu kwa moto. Walikuwa wanabishana, na kubishana si dhambi. Paulo alibishana na Petro uso kwa uso kule Antiokia, na Kanisa lilipata faida.

Hofu yangu ni ya mahali ambapo hoja inaisha na kisu kinaanza. Mahali hapo hapana kibao njiani, mtu hupita bila kujua amepita. Kwa kuzisoma habari hizi nimejifunza dalili moja, nami nawapa kama nilivyoipata: umeanza kupita pale unapoacha kujibu anachosema mwenzako na kuanza kutangaza yeye ni nani. Bunyan alijibu mafundisho. Prynne alitangaza kwamba hawa ni Wajesuiti. Wengine wakatangaza kwamba ni wachawi. Neno mchawi, ndugu zangu, sisi hatuhitaji kufafanuliwa. Vikongwe wa Shinyanga na wazee wa Kilifi wameuawa kwa neno hilo.

Mwaka 1656, ule ule wa kitabu cha Bunyan, mwezi wa Oktoba, mvua ikinyesha, James Nayler aliingia Bristol amepanda farasi, na wafuasi wachache wakimzunguka matopeni wakiimba Mtakatifu, Mtakatifu. Nayler alikuwa askari wa zamani wa jeshi la Bunge, mhubiri ambaye wengi walimwona sawa na Fox au hata kumzidi. Alijitetea kwamba yeye ni ishara tu ya Kristo anayekuja ndani ya watu wote. Nasema alikosea, tena vibaya. Mtu anayehubiri hapaswi kukubali kuimbiwa vile hata kwa ishara, na wahubiri wa leo wanaotandikiwa nguo barabarani waisikie habari hii kwa masikio yote mawili. Fox mwenyewe alikuwa ameshatofautiana naye kabla ya siku ile.

Lakini angalieni kilichofuata. Bunge la Uingereza lilikaa siku baada ya siku mwezi Desemba kumjadili mtu mmoja. Walipopiga kura, 82 walitaka auawe, 96 wakakataa, na wale 96 wakajiona wenye huruma. Huruma yao ilikuwa hii: achapwe mijeledi katika mitaa ya London, nayo ilihesabiwa 310, atobolewe ulimi kwa chuma cha moto, achomwe herufi B kwenye paji la uso, ya kumtangaza mkufuru, apelekwe Bristol, apandishwe farasi akiwa ametazama nyuma, achapwe tena, kisha afungwe. Siku ya chuma ilikuwa tarehe 27 Desemba, siku mbili baada ya Krismasi. Mfanyabiashara mmoja, Robert Rich, alipanda akasimama karibu naye, na chuma kilipoondolewa aliinama akaliramba jeraha la pajini.

Nawauliza wale wabunge, ingawa wamekwisha kufa zamani, na nawauliza walio hai wenye roho ile ile: mlitaka Nayler atubu, sivyo? Sasa ulimi wa kutubia mmeutoboa wa nini?

Alitubu hata hivyo. Alipotolewa gerezani mwaka 1659 alikuwa mtu mtulivu, ameungama kosa lake kwa ndugu zake na kuomba radhi. Mwaka uliofuata, akiwa njiani kwenda nyumbani kwake kaskazini, alinyang'anywa na wezi wakamwacha amefungwa shambani. Akafa Oktoba 1660. Ukimsoma Nayler wa mwisho utakuta mtu aliyesamehe wote. Sijui wangapi kati ya wale 82 waliwahi kumsoma.

Sasa tuvuke bahari.

Wapuritani wa Massachusetts walianza kumiminika huko mwaka 1630 kwa sababu maaskofu wa Uingereza waliwabana. Walikuwa ndugu wa imani wa yule Prynne. Walijua masikio yaliyokatwa yanafananaje. Julai 1656 wanawake wawili wa Kiquaker, Mary Fisher na Ann Austin, walishuka melini Boston. Vitabu vyao vilichomwa moto. Wakavuliwa nguo na kukaguliwa miili yao kutafutwa alama za uchawi. Wakawekwa gerezani, na dirisha likapigiliwa mbao ili pasiwe na mtu wa kusema nao. Baada ya majuma matano hivi wakasafirishwa kurudi Barbados walikotoka.

Mbao dirishani! Mnaona? Walianza kwa kuziba.

Kisha zikatungwa sheria. Nahodha atakayemleta Mquaker atalipa faini ya paundi 100. Mwanamume wa Kiquaker akirudi baada ya kufukuzwa, sikio moja. Akirudi tena, la pili. Mara ya tatu, ulimi utobolewe kwa chuma cha moto. Watu waliojiita Israeli mpya walikaa mezani, wakachovya kalamu, wakaandika sikio hili kwanza na hili baadaye. Mwaka 1658 vijana watatu, Christopher Holder, John Copeland na John Rous, walikatwa kila mmoja sikio la kulia. Ilifanyika ndani ya gereza, mlango umefungwa. Mama mmoja, Katherine Scott, alikuja kutoka Providence akawaambia wakubwa kwamba kulifanya jambo hilo sirini ni kazi ya giza. Wakamchapa mijeledi kumi.

Sikio la kulia. Luka na Yohana wote wawili wanaeleza kwamba sikio la Malko nalo lilikuwa la kulia. Wale waamuzi walikuwa wanazijua Injili kuliko sisi. Walizisoma asubuhi na jioni na watoto wao. Je, hakuna hata mmoja aliyekumbuka? Au walikumbuka wakajitetea, kama tunavyojitetea sisi, kwamba hili letu ni tofauti?

Kisu kilipozoeleka, kamba haikuwa mbali. Oktoba 1658 ikapita sheria ya kifo kwa Mquaker atakayefukuzwa akarudi. Na hapa wachungaji wenzangu mnisikilize vizuri, maana serikali haikufanya kazi hii peke yake. Baraza la koloni lilimwomba mchungaji John Norton wa Boston aandike kitabu cha kueleza ubaya wa mafundisho ya Waquaker. Akaandika, kikachapishwa mwaka 1659. Mwaka huo huo, tarehe 27 Oktoba, William Robinson na Marmaduke Stephenson walinyongwa. Mary Dyer alikuwa wa tatu siku ile, kamba ikiwa shingoni tayari, akarudishwa dakika za mwisho. Alirudi Boston mwaka uliofuata, akanyongwa tarehe 1 Juni 1660. William Leddra akamfuata Machi 1661, kabla ya amri ya mfalme kusimamisha mauaji hayo. Norton hakufunga kitanzi. Alishika kalamu tu. Mnyongaji alipolala usiku ule angeweza kujifariji kwamba mchungaji amekwisha kuandika, naye mchungaji angeweza kujifariji kwamba hakushika kamba.

Tena siku Robinson na Stephenson waliponyongwa, ngoma zilipigwa. Kila walipotaka kusema neno la mwisho, wapiga ngoma waliongeza mshindo ili watu wasisikie.

Tuna methali tunayoipenda sana mimbarini: sikio la kufa halisikii dawa. Tunaitumia kwa mlevi, kwa kijana mkaidi, kwa muumini aliyehamia dhehebu la jirani. Nami nimeitumia mara nyingi. Lakini tangu nizisome habari za Boston inanikwama kooni, kwa sababu sikio lile halikufa lenyewe. Lilikatwa, na aliyelikata ndiye aliyesimama baadaye akilalamika kwamba halisikii. Paulo anawafundisha Warumi kwamba imani huja kwa kusikia. Basi ukimkata mtu sikio, Injili utaipitishia wapi? Kila neno la dharau unalolirusha kwa muumini wa dhehebu lingine linaziba tundu ambalo Mungu alikuwa amelitenga kwa ajili ya neno lake.

Yule Mary Fisher, mtumishi wa ndani kutoka Yorkshire aliyevuliwa nguo Boston, mnajua alikwenda wapi baadaye? Alisafiri hadi nchi ya Waturuki. Mwaka 1658, mwaka ule ule wa masikio ya Boston, alifika Adrianople, akaingia mbele ya Sultani Mehmed wa Nne, kijana wa miaka 16 aliyezungukwa na mawaziri wake. Akamwambia ana ujumbe kutoka kwa Mungu. Sultani akamruhusu aseme. Akamsikiliza mpaka mwisho, akamheshimu, akampa nafasi ya kuondoka kwa amani pamoja na walinzi kama angewataka. Mwislamu alimpa sikio binti yule wa Kikristo ambaye Wakristo wenzake walimpigilia mbao dirishani. Habari hii inaniaibisha, na ninaiandika ili ituaibishe sote pamoja.

Msiseme kwamba nawataka mnyamaze mbele ya kila fundisho. Ninaye mtu wa kuwaonyesha. Roger Williams, mwanzilishi wa Providence, hakuwapenda Waquaker hata kidogo. Aliona mafundisho yao yanaharibu roho za watu. Mwaka 1672, mzee wa karibu miaka 70, alipiga makasia kutwa nzima kwenda Newport kujadiliana nao. Siku tatu walibishana huko, na siku ya nne Providence. Kisha akaandika kitabu kikali, kilichochapishwa Boston mwaka 1676, na ukali wake mwingine nisingeuiga. Lakini katika Rhode Island, koloni lake, hakuna Mquaker aliyekatwa sikio. Mwaka 1657 makoloni jirani yaliwashinikiza viongozi wa koloni hilo wawafukuze Waquaker, wakakataa. Siku Williams alipokuwa akibishana, gavana wa koloni lenyewe alikuwa Mquaker. Huyo mzee alitumia mikono yake kupiga makasia na kinywa chake kusema, na mwenzake akabaki na masikio yote mawili ya kumsikia au kumkataa.

Na Bunyan? Novemba 1660, baada ya ufalme kurudishwa Uingereza, Bunyan alikamatwa kwa kuhubiri bila kibali. Alikaa gereza la Bedford muda mwingi wa miaka 12, mbali na mke na mtoto wake kipofu. Burrough, yule aliyejibizana naye, alifia katika gereza la Newgate mwaka 1663. Wapinzani wawili wa kitabuni, wote kifungoni kwa sheria za serikali moja. Mwaka 1672 Mquaker George Whitehead alikwenda kwa mfalme Charles wa Pili kuwaombea ndugu zake waliojaa magerezani. Hati ya msamaha ilipoandaliwa, wafungwa wa madhehebu mengine waliomba majina yao yaongezwe humo, na Waquaker hawakuwazuia. Katika hati hiyo iliyotafutwa na Waquaker limo jina la John Bunyan wa Bedford.

Isomeni tena sentensi hiyo. Kitabu chake cha kwanza kiliwashambulia wao.

Baxter naye aliishi akaona. Sheria ya kupiga marufuku mikutano ya ibada nje ya kanisa la serikali ilipotoka, wengi walikutana kwa kujificha, lakini Waquaker walikaa mahali pao pa wazi, wakachukuliwa gerezani, na siku iliyofuata wengine wakaja kukaa pale pale. Baxter, aliyewaandika vibaya mwaka 1655, aliandika katika kumbukumbu za maisha yake kwamba ushupavu wao uliwapa wengine nafuu, kwa kuwa watesi walichoshwa nao. Namheshimu kwa kuliandika hilo. Wangapi kati yetu tumewahi kuchapisha sifa ya mtu tuliyemchapisha kwa ubaya?

Sasa naja nyumbani, na hapa panauma. Mwaka 1902 wamisionari watatu wa Kiquaker kutoka Marekani walifungua misheni Kaimosi, magharibi ya Kenya, na leo hakuna nchi duniani yenye Waquaker wengi kuliko Kenya. Mwaka 1927 mmoja wa watatu hao, Arthur Chilson, alihubiri hapo Kaimosi habari za Roho Mtakatifu. Watu wakalia, wakaungama dhambi hadharani, wakanena kwa lugha, wakatetemeka. Nao viongozi wa misheni, wana wa wale walioitwa watetemekaji kwa dhihaka, wakaona utaratibu unavunjwa. Wakakataza. Waliokataa kunyamaza wakaondolewa katika ushirika, na kutoka kwao yakazaliwa makanisa ya Roho Mtakatifu yaliyopo mpaka sasa. Hapakuwa na kisu wala kamba, namshukuru Mungu. Lakini mama aliyetoka machozi yakimtiririka, akiambiwa na watu wa kanisa lake kwamba roho aliyonayo si ya Mungu, alihisi alichohisi mfumaji wa Westmorland mwaka 1653, wakati mchungaji Francis Higginson alipochapisha kijitabu cha kuwaeleza watetemekaji wa kaskazini kuwa watu wanaotokwa povu.

Hakuna dhehebu lililo salama na jambo hili. Kuteswa hakumfanyi mtu awe mwema. Prynne ni shahidi. Lutheri, Katoliki, Anglikana, Pentekoste, Sabato, Roho Mtakatifu, wote tuna babu aliyekatwa sikio na babu aliyekata.

Nami niliwahi kusimama sokoni na kipaza sauti, nikasema kwamba kanisa fulani la mtaa wa pili linatumia nguvu za giza. Sikuwa nimeingia humo hata siku moja. Watu walinishangilia. Baada ya mwezi mmoja vijana walilitupia mawe paa la kanisa lile wakati wa mkesha, na mtoto akaumizwa kichwani. Mimi sikurusha jiwe. Norton naye hakufunga kitanzi.

Prynne alisema Wajesuiti. Sisi tunasema Frimasoni. Tunalisema kwenye gari la matangazo, kwenye vipeperushi, kwenye klipu zinazozunguka katika simu za watu kabla ya mchana kuingia, na ushahidi wetu ni ule ule wa mwaka 1655: nilisikia, wanasema, kuna mtu alishuhudia. Mchungaji mwenye fundisho baya mjibu fundisho lake, kwa Maandiko, mchana kweupe, ukitaja alichosema kama alivyokisema. Mwenye kuiba mali za wajane mpeleke polisi. Anayenyima watoto dawa mshtaki. Lakini usimtengenezee jina la kumfanya asiwe mtu tena.

Wahariri wa magazeti ya kanisa, chujeni. Makala inayotaja uzushi wa wengine isichapwe mpaka mwandishi awe amekaa na watu hao na kuwauliza wenyewe wanaamini nini. Wazee wa kanisa, mnaposikia mhubiri wenu amewasha umati kwa habari ya jirani, mwiteni pembeni siku hiyo hiyo. Msingoje mawe. Kina mama wa ushirika, ninyi ndio mnaokutana na wa upande wa pili kisimani, hospitalini na kwenye misiba. Salimianeni, ulizaneni habari za watoto.

Na wewe unayesoma, ikiwa kuna kanisa au mtu uliyemsema bila kumsikia, nenda kwake kabla ya Jumapili. Usiende kumgeuza. Kaa kwenye benchi la nyuma, au barazani kwake, umwambie umekuja kusikiliza, na umwache amalize. Mimi nilikwenda kwa wale wa mtaa wa pili, nikapiga magoti mbele ya mama wa yule mtoto. Akaniinua, akaniwekea kiti.